Chungu Kisichopakuliwa

Msiniulize ni nchi gani. Mimi mwenyewe nilipouliza nilipewa fomu, na fomu ilikuwa na swali moja tu: "Kwa nini unauliza?" Nikaona heri nisimulie yale ambayo kila mtu anayajua. Yanayojulikana si siri, na yasiyo siri hayawezi kumuudhi kiongozi mwema. Na viongozi wa nchi hiyo, jamani, ni wema mpaka watu wanalia.

Katika nchi hiyo aliishi mtu aitwaye Kasiano Mbelwa, mtengeneza sabuni. Aliuza shamba la marehemu baba yake akajenga kiwanda kizima: mitambo, bohari, ofisi yenye kiti cha kuzunguka, lango na mlinzi wa lango. Siku ya kwanza kikatoa miche elfu sita ya sabuni, na yote ikanuka samaki mkavu wa ng'onda. Hakuna aliyenunua, isipokuwa mama mmoja aliyekuwa anatafuta namna ya kumwondoa mpangaji wake.

Kasiano akarudi nyumbani, akajibwaga kwenye kigoda jikoni. Mkewe, Filomena, alikuwa akipika mchuzi wa kunde. Akachovya mwiko, akadondosha tone kiganjani, akalamba, akakunja uso, akatia chumvi. Akaonja tena.

"Unafanya nini?" Kasiano akauliza.

"Naonja, baba Desi. Leo ndiyo mara ya kwanza kuona mtu anaonja?"

"Si umalize kwanza kupika?"

"Ee! Nimalize chungu kizima ndipo nigundue hakina chumvi? Nikile na nani, mimi na sabuni zako?"

Haya basi. Wanaume wengine hupashwa na wake zao wakaenda zao kijiweni. Kasiano alipashwa akaandika kitabu.

Kitabu alikiita *Kionjo*. Kilisema maneno ambayo kila mpishi anayajua ila hakuna tajiri aliyewahi kuyasikia. Kabla hujajenga kiwanda, tengeneza mche mmoja wa sabuni, mpe jirani aogee, kisha kaa kimya umsikilize. Akicheka, badilisha. Ukiona mchuzi umeungua, geuza mwiko, upike mwingine. Wala usione haya kuharibu mapema, kwa kuwa tone likiharibika chungu hakijaharibika. Kwa mtengeneza sabuni, mshona viatu au muuza juisi ya ukwaju, ilikuwa busara tupu, nami sina neno nayo.

Kitabu kilikuwa na sura nane. Ya nane iliitwa "Kupakua", na ilisema kwamba ukishaonja na kutia chumvi, basi pika mpaka kiive, ipua, pakua, watu wale. Lakini Kasiano alipofika mlangoni kwa mchapaji alisita. Mimi ninayehubiri vionjo, akajiuliza, nitatoaje kitabu kizima? Akachapisha sura saba. Ya nane akaiweka kabatini chini ya mashuka, ingojee maoni ya wasomaji.

Filomena alikisoma mpaka mwisho, akakigeuza nyuma kama mtu anayetafuta kurasa zilizodondoka.

"Baba Desi, umeandika kuonja ukasahau kupakua. Mimi huonja ili watu wale."

"Itakuja kwenye toleo la pili."

"Haya. Wenye njaa nao watakula toleo."

*

Wakati huo nchi ilikuwa na Rais, na muhula wake wa pili, ambao kwa katiba ndio wa mwisho, ulikuwa umebakiza miezi minne. Mtu mzima wa watu akawa hali, hacheki, anazungukazunguka tu Ikulu akishikashika mapazia. Waziri wake kipenzi, Mheshimiwa Domitila Kipengele, akampa kitabu cha Kasiano akisome ndani ya ndege, kwa kuwa alikuwa anakwenda ng'ambo kuangaliwa jino. Walipofika juu ya mawingu Rais alifungua sura ya tatu, akasoma: "Anayeonjesha hajaanza kupika." Inasemekana aliruka mpaka mkanda wa kiti ukakatika.

Aliporudi akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Kuna watu, tena wana midomo mirefu, wanasema muhula wangu unaisha. Muhula upi? Ile miaka kumi lilikuwa tone kiganjani! Nilikuwa nawaonjesha! Muhula wenyewe hata sijauinjika mekoni!"

Mahakama Kuu ikaionja hoja hiyo, ikaiona ina chumvi ya kutosha.

Tangu siku hiyo Rais akaitwa Mwanzilishi, na wananchi wakaitwa wateja. Kupika chungu kizima kukawa mwiko wa taifa, na kila waziri akatembea na mwiko wa mti mfukoni, Mwanzilishi wake wa dhahabu. Saluti nayo ikabadilishwa. Askari akimwona mkubwa, alipiga mguu chini, akainua kiganja, akakilamba. Siku za gwaride, kikosi kizima kilipolamba kwa pamoja, wageni wa kibalozi walilia kwa hisia, au labda lilikuwa vumbi.

Kasiano akafanywa Mwonjeshaji wa Taifa. Akapewa gari, nishani, na nyumba ya ghorofa tatu ambayo ngazi zake ziliishia ya pili. Watu wakamwita Mwalimu. Akazoea. Nani asiyezoea?

*

Sasa sikilizeni maendeleo.

Shule zilifundisha herufi mpaka K. Zilizobaki zilingoja maoni ya wazazi, na wazazi hawakuweza kuyaandika, kwa kuwa neno "maoni" linaanza na M. Wizara ya Kilimo ilipoharibu mahindi ya nchi nzima, Waziri alipanda jukwaani, akazunguka kwa kisigino kimoja, akatangaza, "Tumegeuza mwiko!" Kuanzia kesho yake ikawa Wizara ya Kwaya. Wenye njaa waliambiwa sauti ya tatu ina upungufu wa waimbaji.

Lakini fahari ya taifa lilikuwa Daraja la Mshikamano. Lilijengwa likafika katikati ya mto, likasimama hapo, wateja walitumie wakati wahandisi wakikusanya maoni. La kwanza kulitumia lilikuwa lori la nyanya lenye watu kumi na mmoja juu. Mheshimiwa Kipengele aliita waandishi wa habari.

"Tunajivunia matokeo," alisema. "Wateja kumi na mmoja wamelijaribu daraja. Tumewatafuta ili watupe maoni yao, lakini hadi sasa wateja hao hawapatikani. Tutajaribu tena baadaye."

Taarifa ilimfikia Kasiano mezani, kwa kuwa kila kitu kilichoharibika kiliandikwa kwa heshima yake: *kwa mujibu wa Mwalimu, sura ya tano*. Akanywa maji, akaandika pembeni mwa karatasi, "Tumejifunza. Wekeni kibao." Kibao kikawekwa, kimeandikwa DARAJA LINAISH, kwa kuwa nacho kilikuwa kionjo.

Filomena alimuuliza, "Wale kumi na mmoja walikuwa na majina?"

"Watakuwa nayo."

"Unayajua?"

Kasiano hakuyajua. Alisema kesho angeuliza, na kesho kulikuwa na mkutano.

*

Mwaka wa ishirini na mbili wa kionjo cha Mwanzilishi, Filomena alianza kushika tumbo kila akiinuka. Kasiano akampeleka kwa tabibu mmoja mzee, Dakta Ferdinandi, aliyesomea udaktari kabla ya kitabu. Mzee akamgusa tumbo, akafumba macho, akafumbua.

"Uvimbe. Kama chungwa hivi. Ukitolewa mwezi huu, mama huyu atacheza na vitukuu. Zamani tulikuwa tunafanya kazi kama hii kabla ya chai ya saa nne."

"Basi utoe, mzee wangu."

"Nitautoa kwa kitu gani? Visu walinipokonya mwaka wa tisa. Walinikuta namaliza kumtibu mgonjwa." Akainua mikono yake, ikawa inatetemeka. "Na hii nayo, mwanangu, imezeeka kwa kukaa bure. Nendeni hospitali kubwa."

Wakaenda Hospitali Kuu ya Vionjo. Muuguzi alipomtambua Mwalimu alilamba kiganja karibu akimeze.

"Mama asiwe na wasiwasi," alisema. "Tutamfungua, tutautazama uvimbe, kisha tutamwomba maoni. Akiridhika, uvimbe utatolewa awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?" Filomena akauliza.

"Mama, bado hatujampata mgonjwa aliyetoa maoni."

Filomena alimwangalia mumewe. Kasiano angefurahi zaidi kama angemtukana.

"Mimi nataka utolewe wote," Kasiano akasema. "Siku hiyo hiyo."

Muuguzi akatazama mlango, akapunguza sauti. "Ukamilifu huo, Mwalimu? Unahitaji kibali cha Waziri. Na mimi hayo sijayasikia kutoka kwako."

*

Mheshimiwa Kipengele alimpokea kwa karanga na soda. Aliposikia neno kibali, alirudisha karanga bakulini.

"Mwalimu, kibali cha ukamilifu kimo katika sheria, ila hakijatolewa hata kimoja."

"Mke wangu atakufa, Mheshimiwa."

"Pole sana. Mimi Filomena nampenda, unajua. Lakini hebu fikiri kama mtu wa kitabu. Leo tukamilishe uvimbe. Kesho watu wa daraja watasema, na sisi tukamilishiwe. Keshokutwa mpuuzi mmoja atauliza kionjo cha Mwanzilishi kinakamilika lini." Akamshika mkono kwa huruma. "Uvimbe wa mkeo, ndugu yangu, ni suala la kikatiba."

Kasiano alikuwa mpole miaka yote hiyo, mpole wa kupewa gari. Sasa damu ikampanda.

"Kitabu kina sura ya nane," akasema.

"Sura ngapi?"

"Ya nane. Inaitwa 'Kupakua'. Inasema anayeonja asipakue ni mwizi wa chakula cha watu. Iko nyumbani kwangu, na maandishi ni yangu. Nipeni kibali, au nitaitoa."

Waziri alitoa mwiko wake mfukoni, akaanza kujipepea nao.

*

Mwanzilishi mwenyewe alimwita Ikulu. Alikuwa ametoka ng'ambo juzi, na alimkaribisha mgeni kwa tabasamu la meno mapya thelathini na mawili, yote yamepangwa, hakuna hata moja la kionjo. Yeye alitibiwa nje kila mara, kwa kuwa afya ya taifa si jambo la kujaribiajaribia.

"Mwonjeshaji wangu!" alisema. "Nasikia umeficha sura."

"Sikuificha, Mwanzilishi. Ilikuwa inangoja maoni."

"Maoni yangu ni haya. Mkeo atapata kibali. Chote! Mhuri, saini, daktari bingwa, kitanda chenye godoro. Nami sitaki kitu kikubwa. Utaniletea hiyo sura yako, niisome mimi peke yangu karibu na moto. Halafu utaandika sura ya nane mpya, ya mstari mmoja. Utaisoma uwanjani siku ya Jubilei ya kitabu."

"Mstari gani?"

"'Kuonja hakuna mwisho.'" Akalamba kiganja chake, akafumba macho kwa utamu. "Si umeona? Hata mimi naweza kuandika."

Kasiano akaomba akamuulize mkewe. Mwanzilishi akacheka, akasema ndoa ni jambo jema, yeye mwenyewe alikuwa nazo tatu.

*

Filomena alikuwa amelala ubavu, goti limekunjwa mpaka karibu na kidevu. Kasiano akamweleza yote. Alitaka mkewe amwambie aichome, na alitaka amwambie asichome, na kwa yote mawili alitaka mtu mwingine aamue.

"Hiyo sura ina kurasa ngapi?" mkewe akauliza.

"Kumi na nne."

"Na watu wangapi wanaingoja?"

"Hawajui kama ipo, mama Desi. Hawaingoji."

Filomena akasubiri maumivu yapite. "Nisikudanganye, Kasiano. Ningekuwa mtakatifu ningekwambia usimpe. Mimi si mtakatifu. Nataka kuishi. Nataka kumwona mwanetu Desi akirudi kutoka ugenini, nataka kukaa hapo uani nimenye mihogo na kuwasengenya majirani. Mpe." Akamshika ukosi wa shati. "Ila usije ukajidai hukujua unachompa. Hiyo sura ni yangu. Umeitoa jikoni kwangu."

Kasiano akainua mashuka, akatoa karatasi kumi na nne zilizobadilika rangi. Kabla ya adhuhuri zilikuwa majivu ndani ya meko ya Ikulu. Mwanzilishi alizikoroga kwa mwiko wa dhahabu na kusema zinanukia vizuri.

Siku ya Jubilei uwanja ulijaa. Ulikuwa na paa upande wa wakubwa na jua upande wa wateja. Kasiano akasimama mbele ya kipaza sauti, akasoma, "Sura ya nane na ya mwisho. Kuonja hakuna mwisho." Askari wakapiga miguu, wakalamba. Waziri Kipengele alilia machozi ya kweli, maana sasa muhula wa Mwanzilishi ulikuwa umepata maandiko.

Upande wa jua mama mmoja muuza nyanya akapaza sauti, "Mwalimu! Mwanangu alikuwa juu ya lile lori! Tumeonja mpaka ndimi zimechubuka, tutakula lini?"

Vijana wawili wa usalama wakamchukua kwa adabu kwenda kutoa maoni. Hajapatikana hadi sasa. Kasiano alimwona vizuri, alikuwa amevaa kilemba cha kijani. Akakunja karatasi yake, akaketi. Moyoni alikuwa na neno moja tu: kibali.

*

Kibali kilikuja, tena kizuri, kina mihuri mitano na utepe. Muuguzi alikishika kwa ncha za vidole kama kitu cha kanisani. Daktari bingwa aliitwa Kwirini, kijana mtanashati, wa kwanza darasani mwake.

Walipokuwa wakimsukuma Filomena kwenye kitanda cha magurudumu, alimwita mumewe kwa kidole.

"Ukichungulia ukawaona wanalamba viganja juu yangu, niite. Nitoke mwenyewe."

Kasiano akacheka, na mwenyewe akashangaa kwamba amecheka. Akaketi kwenye benchi la korido. Saa ya ukutani ilikuwa na mshale mmoja, kwa hiyo hakujua amekaa kwa muda gani.

Mlango ukafunguliwa. Dakta Kwirini akatoka, ameshika bakuli, uso unang'aa kwa furaha.

"Mwalimu! Umetoka! Wote! Mzima mzima! Sijawahi kutoa kitu chote maishani mwangu!"

Kasiano akasimama, akamkumbatia daktari na bakuli lake. "Mungu akubariki, mwanangu. Mungu akubariki. Yuko macho?"

"Bado. Sasa tunamtafuta anayejua kushona."

"Kushona nini?"

"Tumbo, Mwalimu."

"Si wewe?"

"Mimi nimesomea kupasua," Dakta Kwirini akasema, na furaha ikaanza kumtoka usoni taratibu. "Kupasua ni mwaka wa kwanza hadi wa tatu. Kushona ni wa nne. Wa nne haujafunguliwa, uko kwenye toleo la pili. Sote tulisoma hivyo. Kibali kimesema nitoe wote, nikatoa wote... Mwalimu, mimi nilidhani kwa kuwa ni wewe, umekuja na wa kushona."

Kasiano alikimbia. Alikimbia na viatu vya Jubilei mpaka kwa Dakta Ferdinandi, akamkuta anapalilia mchicha, akambeba mgongoni kama gunia, nishani ikimpigapiga kifuani. Mzee alikuwa akisema njia nzima, "Uzi uwe umechemshwa, mwanangu, waambie wachemshe uzi." Walifika. Uzi ulikuwa umechemshwa. Mikono ya mzee ilitetemeka lakini ilishona, ikashona mpaka mwisho, mishono midogo iliyonyooka, na alipokata uzi muuguzi akamwambia kwa upole kwamba mama huyu alikuwa amekata roho kitambo, ila waliona haya kumkatisha kazi.

Kasiano akapiga yowe. Korido nzima ikanyamaza, hata waliokuwa wakiumwa.

Kisha msichana wa mapokezi akaja na fomu. Ilikuwa na nyota tano za kupaka rangi, na chini yake maneno: *Je, ungempendekeza rafiki au ndugu?*

*

Kwa kanuni za nchi hiyo kaburi ni futi mbili. Zilizobaki huchimbwa familia ikishatoa maoni. Jeneza huja bila kifuniko. Kasiano alilikataa jeneza, akamvika mkewe doti mbili za khanga na kumfunga kwenye mkeka. Asubuhi akaenda makaburini na jembe, sururu na beleshi, akaanza kuchimba.

Alichimba futi mbili. Waombolezaji wakasogea na maiti. Hakutoka shimoni. Alichimba tatu, nne. Watu wakaanza kunong'onezana. Alipozama mpaka kifuani, mjane mmoja alitandika khanga yake chini akaketi kutazama, wengine wakaketi pia. Vijana waliozaliwa baada ya kitabu hawakuwahi kumwona mtu akifanya kitu mpaka kikaisha. Wakamtazama kwa woga na tamaa. Zilipotimia futi sita akamlaza mkewe chini, akafukia, akapanga udongo kwa viganja, akasema, "Basi." Watu mia mbili wakaangua kilio kwa pamoja. Walilia zaidi ya msiba, mpaka askari wa barabarani wakasikia.

Kesho yake Mheshimiwa Kipengele alifika nyumbani kwake na karatasi. Alikuwa amevaa nguo nyeusi, kwa kuwa alimpenda Filomena.

"Kosa la kukamilisha hadharani," alisoma, "ni kifungo cha maisha, tena cha kutumikia chote. Lakini Mwanzilishi amekuhurumia. Amesema wewe ni Mwalimu, na una msiba. Hatakufunga. Ameagiza tu kaburi lipunguzwe."

"Lipunguzwe vipi?"

"Lirudi futi mbili, Mwalimu. Kama ya watu wote."

Alasiri wakaja wafanyakazi wanne wa manispaa na msimamizi wao, mtu mnene mwenye adabu aitwaye Pankrasi. Kasiano alikuwa tayari pale, amekaa juu ya udongo. Pankrasi akavua kofia, akampa pole, pole ya kweli, akamwulizia na Desi, kama amepata taarifa. Kisha akatoa mfukoni kitabu kilichochakaa, kurasa zimeshikiliwa kwa uzi.

"Mwalimu, samahani. Najua si wakati wake. Mimi kabla ya kitabu hiki sikuwa na kazi, nilikuwa nashinda njaa na watoto. Ukinitilia saini hapa, nitashukuru."

Kasiano akalitazama jalada. Akapokea kalamu. Akatia saini.

Wakaanza kufukua. Hawakuwa watu wabaya. Hawakuwahi tu kufika chini ya futi mbili, na hawakujua mtu hukaaje huko, kichwa wapi, miguu wapi. Walichimba kwa pupa, kila mmoja upande wake, wakashuka, wakashuka. Ghafla jembe moja likazama kwa nguvu, likapanda na ukindu wa mkeka na kipande cha khanga.

"Taratibu!" Kasiano akapiga kelele. "Taratibu, mtamuumiza!"

Wakasimama, wakamwangalia. Mmoja akasema, "Sisi hatujui, Mwalimu. Hatujafundishwa."

Akavua koti, akaingia shimoni. Akawatoa wote wanne, akapiga magoti, akafukua kwa vidole mpaka akamwona mkewe wote. Akaanza kujaza udongo chini yake kidogo kidogo, akimwinua, akimlaza, akimwinua tena. Kazi hiyo akaifanya mpaka jua likaanza kupoa, bila kumgongesha popote. Akamfunika, akapanga udongo kwa viganja.

Pankrasi akashusha futikamba yake, akapima pembeni mwa kaburi, akatikisa kichwa kwa kustaajabu.

"Futi mbili kamili, Mwalimu."

Kasiano akamwomba apime tena, wasije wakarudi.